Maua ya Msiba na Paka Aliyeitwa Shume

Paka wa baba alikufa siku ya sita baada ya maziko. Turubai lilikuwa bado limesimama uani, sufuria za kukodi hazijarudishwa, na shangazi zangu wawili walikuwa wamelala chumba cha mbele. Bibi jirani aliingia jikoni alfajiri kuchukua moto, akamkuta amejikunja nyuma ya gunia la mkaa, baridi. Hakupiga kelele. Alimfunika kwa kipande cha kiroba, akaja kumwambia mama taratibu, kama mtu anayeleta habari ya mtu.

"Amemfuata mzee," alisema.

Ikabaki hivyo. Amemfuata mzee. Shangazi walilipokea neno hilo, wakalipitisha kwa waliokuja kutoa pole, na kufika jioni hadithi ilikuwa imekamilika: paka alikataa kula tangu mwenyewe aondoke, akakaa chini ya kiti chake, akaomboleza, akamfuata. Mama alisikiliza yote akitikisa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumwona anapumua vizuri. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza "nani kasema" na "uliona mwenyewe?", lakini siku ile sikuuliza kitu. Hadithi ilikuwa nzuri. Nilichukua jembe nikachimba shimo chini ya mparachichi.

Jina lake lilikuwa Shume. Ni utani wa baba. Paka shume, kama unavyojua, ni dume kubwa la paka, lile linalotembea usiku kama lina cheo. Na Shume ni kule juu kwenye misitu, nje ya Lushoto, ambako baba alifanya kazi ya misitu kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Alipostaafu na kurudi nyumbani, juu kidogo ya Magamba, njia ya kwenda Lukozi, alikuja na vitu vitatu: redio, koti la mvua la kazini, na kitoto cha paka ndani ya boksi la sabuni. "Nimehama na Shume yangu," alisema. Hakuchoka kuurudia mzaha huo kwa miaka kumi na moja.

Najua kuna msomaji hapa anafikiri huyu jamaa ameishi mjini mno, sasa analilia paka. Subiri kidogo. Kwetu paka si mapambo. Tauni iliingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, ikawa inakuja na kuondoka hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Maelfu waliugua, mamia wakafa. Mimi nilizaliwa katikati ya hofu hiyo. Nakumbuka tukikatazwa kugusa panya aliyekufa, nakumbuka mama akihamisha mahindi kutoka chumbani, nakumbuka neno "kiroboto" likitamkwa kwa sauti ambayo watoto wa sehemu nyingine walisikia likitamkwa "simba". Wataalamu kutoka Sokoine, Morogoro, walikuja na mitego yao kuhesabu panya na viroboto. Watakuambia kwamba paka mwenyewe anaweza kuambukizwa tauni na kumletea mtu, na ni kweli. Lakini mwambie hivyo mama aliyelala miaka ishirini akisikiliza dari. Kwake nyumba isiyo na paka ni nyumba isiyo na mlango.

Kwa hiyo Shume alikuwa na kazi, na aliifanya. Jioni alirudi kwa baba, akapanda kwenye kochi lililopasuka mkono, wakasikiliza taarifa ya habari pamoja.

Sasa nirudi kwenye maua.

Siku ya maziko walikuja watu kutoka mbali. Nawaita wageni tu. Walipanda milima kutoka Mombo na kona zake zote wakiwa na ndoo ya maua iliyoshikiliwa na mtu katikati ya magoti ili yasipinduke. Mayungiyungi meupe na mengine ya waridi iliyopauka, yale makubwa yenye harufu inayojaza nyumba, yaliyotoka kwenye duka la maua la mjini. Mashada mengine yalikwenda kaburini. Haya mama aliyaonea huruma, akasema yabaki ndani. Mimi ndiye niliyeyapanga. Sikuwa na chombo, nikachukua jagi la plastiki la maji ya kunawa, nikaliweka kwenye meza ndogo chini ya picha ya baba, pembeni ya kochi lake.

Kesho yake nilimkuta Shume amelala pale mezani, amezungushia mkia jagi. Alikuwa paka mwenye rangi ya kijivu na kifua cheupe, na kifua kile na pua vilikuwa vimechafuka vumbi la rangi ya chungwa. Nilipiga picha kwa simu. Naomba ukumbuke hilo: nilipiga picha. Niliona ni jambo la kupendeza, paka analinda maua ya mwenye nyumba. Niliituma kwenye kundi la familia. Walijibu kwa vikopa na vilio.

Halafu akajilamba, kama paka wanavyofanya.

Siku ya pili alitapika. Siku ya tatu alikuwa anatoa udenda na kwenda kunywa maji kila mara, kisha akaacha hata maji. Bwana mifugo alikuwa amekuja kwa jirani kumtazama ng'ombe, nikamwomba apite. Alimshika, akamfungua mdomo, akauliza umri. Nikasema miaka kumi na moja. "Huyu ni mzee," akasema, "na msiba unawachosha hata wanyama." Simlaumu. Kwenye wilaya ya ng'ombe na mbuzi nani atasomea figo za paka? Nilishukuru, nikamsindikiza hadi barabarani.

Miezi minne baadaye nilikuwa Dar, nimekaa na rafiki yangu aliyesomea udaktari wa wanyama pale Sokoine, tunakunywa chai, tunacheka mambo mengine kabisa. Nilimwonyesha picha za msiba. Alipofika ile ya Shume alinyamaza. Akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaitazama pua.

"Hii ni chavua ya yungiyungi," alisema. "Huyu paka alikufa?"

Nikamwambia ndiyo. Alinirudishia simu akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, na mimi nikasikia kila neno kama linavyosikika tangazo la msiba redioni, pale unapojua jina kabla halijasomwa. Mayungiyungi ya kweli, jamii ile wanasayansi wanayoiita Lilium, na ndugu zao wa Hemerocallis, humuua paka. Kila sehemu: jani, petali, shina, vumbi, hata maji ya kwenye jagi. Akilamba chavua kidogo tu kwenye manyoya yake inatosha. Sumu yenyewe mpaka leo haijajulikana ni kitu gani hasa, lakini inakwenda moja kwa moja kwenye figo, na ndani ya siku moja hadi tatu figo zinasimama. Mbwa akila yaleyale atatapika tu. Binadamu hapati madhara hayo. Ni paka peke yake.

"Angetibiwa?" niliuliza.

"Angewahishwa ndani ya saa kumi na nane hivi, akawekewa dripu, pengine."

Dripu ya paka. Nilifikiria jikoni kwetu, lile gunia la mkaa.

Sikumwambia mama. Nilijiambia simwambii kwa sababu ana furaha na hadithi yake, na huo ni ukweli nusu. Ukweli nusu wa pili ni kwamba jagi nililiweka mimi. Na kibaya zaidi, ile picha mama alikuwa amenituma niisafishe mjini. Aliitia kwenye fremu na kuitundika pembeni ya picha ya baba. Kila aliyeingia alionyeshwa: tazama Shume anavyomlilia bwana wake, tazama alivyojipaka. Mimi nikija likizo nakaa kwenye kochi, na ushahidi uko ukutani juu ya kichwa changu.

Basi nikafanya kile tunachofanya sisi watu wa kalamu tukishindwa kusema jambo. Nikaanza kulitafiti.

Kizingiti cha kwanza kilikuwa majina, na hapa ndipo nilipokasirika kidogo. Kiswahili chetu kina maneno ya mmea unaoliwa, unaotibu, unaojenga na unaoroga. Mmea wa kukaa tu dirishani ukipendeza hatukuupa jina. Nenda kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara Dar, uliza huu ni mmea gani. Utaambiwa "ua la ndani". Na ule? "Ua la ndani pia, ila wa elfu thelathini." Hata yungiyungi lenyewe, kamusi zinalitumia kwa lile la majini na kwa lile la bustanini. Biblia ya Union Version, kwenye Wimbo Ulio Bora, inasema nyinyoro. Kiingereza nacho kina ugonjwa wake: kinaita "lily" mimea ambayo haina undugu. Yale maua meupe yaliyojikunja kama faneli, yanayoota kwenye mabonde yenye maji hapa Lushoto na watoto huyauza kwa mafungu, huitwa hivyo, na wala si yungiyungi. Yana fuwele ndogo kali zinazochoma mdomo na koo la mnyama. Atatoa udenda, atapiga piga mdomo kwa mguu, atapona. Ukimwambia mtu "lili ni hatari kwa paka" hujamwambia kitu. Utamfanya atupe ua lisilo na neno kubwa na kubaki na lile linaloua.

Nilipata orodha. Ile ya shirika la Marekani la kuzuia ukatili kwa wanyama, ASPCA, ndiyo inayotumiwa na wengi duniani, nikalinganisha na rafiki yangu wa Morogoro, na likizo iliyofuata nikapanda basi kwenda nyumbani nikiwa na daftari kama mkaguzi wa afya.

Nilianzia mlangoni. Pale mama ana ndoo ya ule mmea wenye majani yaliyosimama kama panga, yenye mistari ya njano pembeni. Ni jamaa wa mimea ya porini ya huku Afrika, leo unauzwa Ulaya kwa wanaosahau kumwagilia. Mnyama akiutafuna atatapika na kuharisha. Dirisha la sebuleni kuna ule unaotambaa, wenye majani ya moyo yenye madoa ya njano, alioletewa na dada yangu. Fuwele zilezile za kuchoma mdomo. Wifi yangu alimletea Zamioculcas, wenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Huu nao ni wa kwetu, unaota porini kuanzia Kenya kushuka hadi kusini, ukaenda Uholanzi ukarudi Dar na bei ya Uholanzi. Nao unachoma. Jikoni kuna mshubiri ndani ya kopo. Kwa mtu ni dawa, kwa paka anayeutafuna ni tumbo. Uzio wa nyuma unajulikana na kila aliyewahi kufika Lushoto: kichaka cha maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, yanayonukia usiku. Hilo ni sumu kwa paka, mbwa, mbuzi, mtoto na askofu.

Kumbe nyumba yetu nzima ilikuwa famasi isiyo na mfamasia.

Labda nieleze kwa nini nilikuwa na haraka. Mama alikuwa ametangaza anataka paka mwingine. Panya walikuwa wamerudi darini, na jirani wa bondeni alikuwa na paka mwenye watoto wanne. Mmoja alishawekewa nadhiri. Anakuja akimaliza kunyonya. Na mama huyohuyo alikuwa ameniagiza nimletee "maua mazuri ya ndani" kutoka mjini, maana tangu msiba ule sebule inamwonea ukimya. Paka na maua, vyote viwili, vyote kupitia mkono wangu.

Nilikuwa na majibu ya kutosha kwenye daftari. Ule wenye majani membamba yanayomwagika kama nywele na kuning'iniza watoto wake pembeni, Chlorophytum, ni salama. Paka wanaupenda mno, watautafuna mpaka uchakae, lakini watakuwa wazima. Feni zile za kawaida, Nephrolepis, salama. Peperomia salama. Yale maua laini ya kando ya vijito, Impatiens, ambayo milima yetu ina aina zake yenyewe, salama. Kuning'iniza juu mmea wenye sumu si jibu, nimesoma watu wakishauriana hivyo. Aliyeshauri hajawahi kumwona paka akitazama kabati. Weka vijiwe juu ya udongo, la sivyo chungu kitageuzwa choo. Hayo ndiyo ya maana, mengine ni maneno.

Lakini kwenye orodha kulikuwa na jina moja lililonifanya niweke kalamu chini. African violet. Salama kwa paka, salama kwa mbwa. Wajerumani hawaliiti hivyo. Wao wanaliita Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara.

Nimekulia kwenye milima ambayo jina lake limo kwenye madirisha ya mabibi wa Berlin na Chicago, na sikuwahi kuambiwa shuleni. Habari yenyewe ni fupi. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga. Aliona kimmea kidogo chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, kikishikilia miamba yenye kivuli, karibu na Tanga na huku Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani. Baba akampelekea Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover, na mwaka 1893 Wendland akakitangaza rasmi kwa jina Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana. Waliokuwa wakikikanyaga kila siku wakienda kuchota maji hawakuulizwa wanakiitaje. Mwaka huohuo wa 1893, Dakta Richard Hindorf alileta Tanga vichipukizi vya mkonge kutoka Florida. Vilikuwa elfu moja, vikabaki hai 62, na kutoka hivyo likatokea bahari la mashamba ya mkonge unaloliona ukishuka Mombo. Mmoja uliingia na kutufanyisha kazi. Mwingine ulitoka na kwenda kustarehe kwenye madirisha ya watu. Siku moja nitaandika juu ya hilo peke yake.

Mwaka 2015 wanasayansi waliliondoa jina la Saintpaulia na kuuingiza mmea wetu kwenye ukoo wa Streptocarpus, baada ya kuusoma vinasaba. Kwa hiyo bwana mkubwa wa Tanga naye alipokonywa, japo watu wa maua bado wanalitumia la zamani. Kuna aina kadhaa, nyingi za milima hii hii, na nyingi ziko hatarini kwa sababu zinahitaji kivuli, na kivuli ni miti, na miti unajua inakokwenda. Nilisoma orodha ya aina hizo usiku, simu ikiwa asilimia nane. Moja imepewa jina la Amani. Moja Magunga. Moja ya mlima Tongwe. Moja, yenye maua madogo yaliyopauka yanayokaribia weupe, inaitwa shumensis.

Ya Shume. Baba alifanya kazi kule miaka yote ile. Sijui kama aliwahi kuinama kuutazama. Yeye alikuwa mtu wa miti mikubwa, alitembea akiangalia juu.

Usije ukaenda msituni kung'oa. Si kwa sababu ya askari wa hifadhi ya Magamba tu. Mmea ulioota kwenye jiwe moja na umebaki jiwe hilo, ukiuondoa umeondoa kila kitu. Hakuna haja pia. Lushoto mjini kuna mwalimu mstaafu ambaye baraza lake limejaa urujuani ndani ya makopo ya maziwa na mafuta, wa zambarau, wa waridi, wengine wenye kingo nyeupe. Ni wajukuu wa wale waliokwenda Ujerumani, wakafundishwa rangi mpya na wakulima wa maua wa Ulaya na California, wakarudi kwenye mizigo ya wamisionari na watalii. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakutaka hela. Alikata majani matatu na vikonyo vyake, akayafunga kwenye gazeti lililolowanishwa. Si gazeti letu, nilitazama. La washindani.

"Lichomeke kwenye udongo laini, uegemee kidogo," alisema. "Usilimwagie majani maji baridi, litapata madoa. Mimina chini kwenye kisahani linywe lenyewe. Na huko kwenu juu Julai ni barafu, mwambie mama aliweke jikoni, karibu na joto. Ukiona hakuna kitu usilifukue kulichungulia. Linakuwa linafanya kazi."

Nilirudi nyumbani na majani yangu matatu, nikamkuta mama anachambua maharage barazani. Nikamwekea daftari mbele. Nikaanza: mama, huu wa mlangoni tuuhamishe, huu wa dada tumrudishie, mshubiri ukae nje, yale ya uzioni tukate. Nilisema kwa sauti ya kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kutupa mawe.

"Mwanangu. Mshubiri ni dawa yangu, hautoki. Huo wa mlangoni uliwekwa na baba yako. Na Shume aliishi na vyote hivyo miaka kumi na moja, hata siku moja hakuumwa." Akainua uso. "Wewe unatafuta nini?"

Sikujibu.

"Kipi kilikuwa kigeni humu ndani wiki ile?"

Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba. Nimehoji mawaziri watatu na sijawahi kuulizwa swali lililonyooka namna ile. Nikamwambia. Nikamwambia vumbi ni nini, nikamwambia alilamba, nikamwambia figo, nikamwambia jagi niliweka mimi. Sikumwambia habari ya saa kumi na nane. Bado hajui hiyo, na kama mtu atamsomea haya basi ataijua leo.

Alikaa kimya muda mrefu. Gari la mboga lilipita chini barabarani likiwa limejaza kabichi mpaka juu, tukalisikiliza lote hadi lilipopotea kwenye kona.

"Waliokuja nayo wanajua?"

"Hawajui."

"Basi usiwaambie. Walitoka mbali."

Baadaye nilimwomba ruhusa ya kuandika. Akafikiri, akasema andika, watu wana paka, ila uwageuze wale wageni wasijitambue. Nimewageuza. Kama unajaribu kukisia ni akina nani, walikotoka siko, na ndoo haikuwa ndoo.

Jioni ile niliingia sebuleni nikamkuta amesimama mbele ya ukuta, ameishika ile fremu. Nikajua anaitoa. Aliifuta kioo kwa ncha ya khanga, akaitazama kwa karibu, hasa pale puani, kama rafiki yangu alivyofanya kwa vidole viwili. Kisha akairudisha kwenye msumari wake, akainyoosha.

"Alidhani ni kitu cha kuchezea," alisema.

Mshubiri umebaki, uko juu ya bati la banda la kuku. Ule wa dada umehamia ofisini kwa mchungaji, ambako hakuna paka. Mimea ya mlangoni imesogezwa hatua tatu, maana "iliwekwa na baba yako" ilipokutana na "paka ni mdogo" vilikubaliana hatua tatu. Kati ya majani matatu, moja lilioza. Mawili yalikaa karibu miezi miwili bila kusema lolote, halafu mama akanipigia simu usiku, nikashtuka kama unavyoshtuka simu ya nyumbani ikilia usiku, kumbe ni kuniambia kuna vijani vidogo vimetokeza chini, vina manyoya, ukubwa wa punje ya mtama.

Paka mpya ni jike, wa rangi ya chai ya maziwa. Bado hajapewa jina kwa sababu mimi na mama hatukubaliani. Wiki iliyopita alipanda kwenye rafu ya jikoni akang'ata jani moja kubwa la urujuani, akalitafuna nusu, akalitema kwenye unga. Mama alinisimulia akicheka, na kabla hajamaliza nilimuuliza mara tatu kama anakunywa maji, kama amekojoa.

"Amekojoa," alisema. "Kwenye kiatu chako."